Kalamu ya Kumtetea Aliyedhulumiwa: Nasaha kwa Waandishi Wetu Wapya Walioko Moshi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Tumepokea maombi ya vijana wa Unguja na Pemba walioko Moshi. Wengine wanasoma Chuo Kikuu cha Ushirika, wengine wako katika vyuo vya afya karibu na hospitali ya KCMC, na wengine wana biashara zao za mitumba soko la Kiborloni. Wanataka kutuandikia khabari za watu wanaodhulumiwa huko waliko: wapagazi wa mlimani, wajane wanaofukuzwa katika vihamba, wakulima wa kahawa wanaocheleweshewa malipo. Na tumepokea pia maswali ya wazazi wao waliobaki visiwani. Mmoja anauliza kama kazi hiyo si kusengenya watu. Mwengine anauliza kama mwanawe atarudi salama. Tumeona bora tuwajibu wazazi na watoto kwa pamoja, kwa sababu jawabu ni moja, na kwa sababu hata asiyeandika khabari ana simu mkononi na kila siku anasambaza khabari za watu.

Kutetea kuna mipaka yake

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, Allah ametufahamisha kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe hadharani, kisha akamtoa katika hukumu hiyo aliyedhulumiwa. Mwandishi wa utetezi anaishi ndani ya aya hii. Asili ni kusitiri. Ruhusa ya kutangaza inakuja pale penye dhulma. Kwa hivyo kabla hujaandika hata mstari mmoja, jiulize: nani kadhulumiwa, kwa lipi, na nani mwenye uwezo wa kuliondoa? Ukikosa majibu, ulichonacho mkononi ni umbea, hata ukiupamba kwa picha.

Imamu An-Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja hali sita ambazo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusika. Miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kupeleka mashtaka yake kwa mwenye mamlaka, kutaka msaada wa kuondoa munkari, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Hizi tatu ndizo zinazomhusu zaidi mwandishi. Na wanavyuoni wamefunga ruhusa hiyo kwa kadiri ya haja. Tuseme mwenye kampuni ya kupandisha watalii anawakata wapagazi ujira. Andika ujira, andika siku walizofanya kazi, andika alichoahidi na alichotoa. Kwamba mtu huyo ana mke wa pili ambaye mke wa kwanza hamjui, hilo halikuhusu, hata kama umelisikia kwa watu kumi na hata kama litavutia wasomaji zaidi kuliko khabari ya ujira. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana mtu akishaonekana dhalimu katika jambo moja huona kila aibu yake ni halali.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na humo akawanasihi Waislamu wa pwani na kuwasemea juu ya elimu yao na hali yao chini ya ukoloni. Huko Kilimanjaro nako wapo waliotangulia. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga, akiwemo Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, wakati walowezi wa Kizungu wakidai kwamba kahawa ya mwenyeji italeta maradhi katika mashamba yao. Kilichowasaidia wakulima wale ni kujipanga na kuonyesha kuwa kahawa yao ni nzuri, wala si matusi. Mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika, KNCU. Na mwaka 1937 wakulima walewale wakafanya ghasia kupinga utaratibu wa kulazimishwa kuuza kupitia chama hicho hicho. Mwandishi kijana alizingatie hilo vizuri. Chama kilichozaliwa kumtetea mkulima kinaweza kesho kuwa ndicho anacholalamikia mkulima. Aliyejifunga kukitetea chama atakosa la kusema siku hiyo. Aliyejifunga kumtetea aliyedhulumiwa atajua asimame wapi.

Katika miaka ya 1950 Moshi ilikuwa na gazeti lake, Komkya, likitolewa na Baraza la Wachagga, na wasomaji wakiliandikia barua za kujadili uongozi, mila na siasa za zama zile. Gazeti la baraza, likijadili mambo ya baraza! Hali hiyo si haramu, lakini msomaji ana haki ya kujua nani anagharimia anachokisoma. Nasi tunawataka waandishi wetu waseme wazi uhusiano wao. Ukiandika juu ya chuo unachosoma, sema unasoma hapo. Ukiandika juu ya shamba la ami yako, sema ni ami yako.

Nani ameona, na nani amesikia

Tarehe 11 Mei 1848 mmishionari wa Kijerumani Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Mombasa na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, aliona weupe juu ya mlima. Akamuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile. Akajibiwa kuwa ni baridi. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji, akaandika, na mwaka 1849 khabari ikachapishwa Uingereza. Hapo akatoka mwanachuoni wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, akakanusha kwa nguvu. Kwa hesabu zake theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Aliendelea kukanusha miaka na miaka, mpaka baada ya Baron von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na tena 1862 na kurudi na ushahidi ule ule.

Kisa hiki kina mambo matatu. Aliyeona kwa macho hushinda aliyekaa mbali na vitabu vyake. La pili, Bwana Kheri hakusema uongo. Alisema alichokijua kwa lugha aliyokuwa nayo, na kama Rebmann angemdharau angekosa nusu ya khabari. La tatu ni kuwa hata aliyeona alihitaji wa pili wa kumthibitisha. Sisi watu wa visiwani tunapaswa kulielewa hili kwa wepesi, kwani kila mwaka tunabishana juu ya mwezi: nani ameuona, wapi, saa ngapi, na nani alikuwa naye.

Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Sayyidna Umar (R.A.) ametupa mfano. Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) alipomsimulia hadithi ya kupiga hodi mara tatu, Umar alimtaka alete shahidi, naye akaenda kumleta Abu Said Al-Khudri (R.A.). Abu Musa alikuwa sahaba mkubwa, si mtu wa kutuhumiwa, na wala hakuona kuwa ametukanwa. Kwa hivyo mhariri akikuuliza "nani mwengine aliyeona?", usinune.

Tuna msemo wetu usemao lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huu kwenye kijiwe cha kahawa unaweza kupita. Kwenye kazi ya khabari ni sumu. Mambo mangapi yamesemwa, wala hayakuwepo, wala hayakuja, na watu wamevunjiwa heshima kwayo? Mama yetu Aisha (R.A.) alisingiziwa na Madina ikazungumza karibu mwezi mzima, mpaka ziliposhuka aya za Surat An-Nuur. Wanafiki walianzisha, lakini waliosambaza walikuwemo Waislamu wa kweli waliokuwa wanarudia walichosikia tu.

Fuvu la Mangi Meli

Kijana atakayefika Old Moshi atasimuliwa kisa cha Mangi Meli, mtoto wa Mangi Rindi, aliyepigana na Wajerumani na kuwashinda mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na wenzake, jumla yao watu 19. Inasimuliwa na watu wake kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi ya uhai wake kudai kirejeshwe. Hii ni dhulma ya wazi. Hata kama aliyenyongwa hakuwa Muislamu, sharia yetu imeharimisha kuikatakata maiti, na Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Mwandishi wetu anayo haki, bali anao wajibu, wa kuiandika.

Sasa angalia ugumu wake. Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayomiliki makumbusho yenye mafuvu mengi ya Afrika Mashariki ilitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba. Fuvu moja, lililohusishwa na mtu aitwaye Akida, mshauri wa Mangi Meli, lilioana kabisa na jamaa walio hai. Mawili mengine yakakaribia sana kuoana na familia za Kichagga. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwao. Mwandishi mwenye haraka angeandika kuwa fuvu la Meli limepatikana. Kichwa cha khabari kingependeza, na watu wangekisambaza kwa furaha. Lakini hebu fikiria familia ile, iliyosubiri zaidi ya miaka 120, ikiamka na kusoma kuwa babu yao amepatikana, kisha jioni iambiwe hapana. Na fikiria wale wa Berlin wasiopenda kurejesha chochote, namna watakavyolishika kosa hilo na kusema: hawa hawajui hata wanachokidai.

Mwenye haki hana haja ya kuongeza chumvi, na akiiongeza humpa hasimu wake mlango wa kutokea. Andika hivi: fulani amethibitishwa, fulani bado hajapatikana, familia inasema hivi, taasisi inasema hivi. Dhulma itaonekana bila ya msaada wako. Khabari ya barafu ya Kilimanjaro nayo ilipita njia hiyo. Mwaka 2002 wataalamu wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani walikadiria kuwa barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. Wataalamu walisema ni makadirio. Waliotetea mazingira wakayageuza ahadi. Mwaka 2020 ukafika, barafu ikawa imepungua sana lakini ipo, na wenye shaka wakacheka. Ripoti ya UNESCO ya 2022 inasema sasa itatoweka kufikia 2050. Ukiiandika, iandike kama makadirio, na useme ya nani.

Msiba wa jirani

Tarehe 1 Februari 2020 katika uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walifariki katika msongamano kwenye ibada ya Kikristo, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoelezwa kuwa ya upako. Tunautaja msiba huu kwa makusudi, kwa kuwa tuliona namna baadhi ya Waislamu walivyoupokea kwenye simu zao: vichekesho, picha za maiti, na mawaidha ya kejeli juu ya imani ya watu wakati makaburi bado hayajachimbwa.

Tunasema wazi kuwa hiyo haikuwa da'wa. Itikadi yetu juu ya baraka za mafuta inajulikana, na ina wakati wake na mahali pake. Siku ile waliokufa walikuwa kina mama, wagonjwa waliotafuta shifaa, na watoto. Khabari ya utetezi iliyokuwepo pale ni nyengine kabisa: nani aliruhusu umati ule, milango ya kutokea ilikuwa mingapi, polisi walikuwa wangapi, nani atawalea mayatima. Mwandishi wa Kiislamu angeweza kuyauliza maswali hayo na Wakristo wa Moshi wakamshukuru. Surat Al-Maida, aya ya 8, imetukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke kwenye kutokuwa waadilifu. Wengi wa watu wanaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni Wakristo, na kijana wetu anakaa nao, anapanda nao daladala, anatibiwa katika hospitali zao. Akiwaandikia wao kama anavyotaka waandikwe watu wa kwao, atakuwa amefanya da'wa kubwa kuliko anavyodhani.

Na sisi tumeyaonja. Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander, maiti zilipoletwa viwanja vya Maisara, kulikuwa na familia zilizopata khabari za watu wao kwa ujumbe wa simu uliotumwa na mtu asiyewajua, na nyengine zilizoambiwa mtu wao yuko hai na hayuko. Aliyepitia siku zile hahitaji kuelezwa kwa nini jina la maiti haliandikwi kabla jamaa zake hawajaambiwa, wala kwa nini uso wa maiti haupigwi picha. Tunaweka hilo kuwa sharti kwetu, halina mjadala: hatutatoa picha ya maiti, wala ya mtu aliyefunuka uchi wake, wala ya mtoto aliyefanyiwa ukatili. Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa Bara na ya 2011 kwa Zanzibar zote zinamlinda mtoto, na sharia ya Allah ilitangulia.

Mjane na kihamba

Khabari watakazokutana nazo zaidi ni za mirathi. Tuseme mama mmoja wa Machame, Muislamu, amefiwa na mume. Ana mabinti watatu. Ndugu za marehemu wanamwambia kihamba ni cha ukoo, mila hairuhusu kiende kwa mabinti, na yeye arudi kwao. Anakuja analia na anakusimulia kila kitu, nawe unarekodi kwa simu. Una khabari?

Una nusu ya khabari. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) Yemen awe kadhi, alimuusia asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Nenda kwa ndugu za marehemu. Huenda wakakufukuza, andika kuwa umekwenda na wamekataa kusema. Huenda wakakuonyesha karatasi kuwa sehemu ya kihamba ilikuwa ya baba yao na haikuwahi kugawiwa, na hapo jambo linabadilika, maana marehemu harithiwi kisichokuwa chake. Kisha uliza waliopo jirani: nani alipanda ile migomba, nani aliyelipia ile nyumba.

Hapa kijana wa visiwani anahitaji tahadhari maalumu. Kwetu mambo haya yanakwenda Mahakama ya Kadhi, nayo ina sheria yake, ya karibuni ikiwa ya 2017. Bara sivyo. Kadhi yupo chini ya BAKWATA na kauli yake ina uzito kwa Waislamu, lakini mirathi hufunguliwa mahakama za serikali, na kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo inaweza kufuata sharia ya Kiislamu au mila ikitegemea marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Ukiandika kuwa mama "akimbilie kwa kadhi akapewe hukumu", utamtuma mahali ambapo hapatamrejeshea kihamba, na muda utampita. Mwambie msomaji njia iliyopo: barua ya kikao cha familia, cheti cha kifo, kufungua shauri, na haki ya kupinga msimamizi wa mirathi. Kisha useme hukumu ya Allah: mke ana thumuni pakiwa na watoto, mabinti wawili au zaidi bila ndugu wa kiume wana theluthi mbili, na kinachobaki ni cha asaba. Ndiyo, ndugu za marehemu nao wana fungu katika mfano huu, na utetezi wa kweli unalitaja fungu lao. Ukilificha ili mjane aonekane amedhulumiwa zaidi, umeificha hukumu ya Qur'ani.

Jina lake usiliandike mpaka akubali, na kukubali akiwa analia si kukubali. Muache siku mbili tatu, umuulize tena mbele ya mtu anayemuamini: anajua kwamba shemeji zake watasoma? Anajua kwamba maandishi haya hayafutiki, na binti yake akija kuposwa watu watayakuta? Ukiona kijiji kitamjua hata bila ya jina, badilisha kilichokuwa si cha lazima kutajwa, na umwambie msomaji kuwa umefanya hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka uwe mwangalifu na taarifa za watu, lakini hata isingekuwepo, heshima ya Muislamu ni haramu kama damu yake.

Wengine wanatuuliza juu ya kurekodi kwa siri. Asili ni kukatazwa, kwa sababu aya ya 12 ya Al-Hujurat imekataza upelelezi wa aibu za watu. Tofauti tunaiona kwa mwenye kazi ya umma anayedai rushwa, ambapo kurekodi ni ushahidi wa dhulma inayoendelea, na hata hapo usifanye kabla hujashauriana nasi.

Mzigo wa mpagazi na bahasha ya tajiri

Kanuni za hifadhi zinasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na kuna mizani katika malango kama Marangu na Machame. Tangu mwaka 2003 kuna shirika la kuwasaidia wapagazi, KPAP, linalofuatilia ujira, malazi na chakula chao mlimani. Kwa hivyo anayetaka kuandika haanzi na malalamiko matupu, kipo kipimo. Mzigo ulipimwa kilo ngapi getini, na uliongezwa nini baada ya geti? Siku ngapi, shilingi ngapi, bakshishi ya mgeni ilipita mikono ya nani? Nambari moja ya kweli ni nzito kuliko kurasa tatu za huruma.

Na usisahau kuwa mpagazi ndiye mtu mwepesi kulaumiwa. Mlima ulipowaka moto Oktoba 2020, maelezo ya awali ya hifadhi yalisema chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Huenda ndivyo. Lakini kazi ya utetezi ni kuuliza swali linalofuata: walipewa nini cha kupikia, na nani alikuwa na dhamana ya kuwapa? Swali la namna hiyo halimkingii mtu kifua. Linaipeleka khabari hadi mwisho wake.

Ukishaanza kuuliza maswali hayo, bahasha itakuja. Itaitwa nauli, au soda, au ahsante. Kampuni itakualika chakula cha mchana Shanty Town. Mkusanyaji zaka aitwaye Ibn Al-Lutbiyya alirudi kwa Mtume (S.A.W.) akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi, naye Mtume akapanda mimbari na kuuliza: angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Jiulize swali hilo hilo. Nauli yako tutakulipa sisi, ni ndogo lakini ni halali. Maji na chai kwa mwenyeji wako kunywa, hatukukufundisha ufidhuli.

Kwa wazazi

Mnauliza usalama. Tunasema kweli: kazi ina hatari zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinataka watoaji wa khabari mtandaoni wawe na leseni ya TCRA. Mtoto wenu akiandika kwenye ukurasa wake mwenyewe, kwa hasira, saa sita za usiku, yuko peke yake. Akituletea sisi, maandishi yanasomwa na watu wawili kabla ya kutoka, yule anayetuhumiwa anatafutwa na kupewa nafasi ya kujibu, na tunaweka nakala za rekodi na karatasi. Dhamana ya kilichochapishwa inakuwa yetu pamoja naye.

Binti anaweza kuandika, na khabari za wajane atazipata yeye kabla ya kaka yake, kwa kuwa ataingia ndani ambako mwanamume haingii. Hatumtumi peke yake vijijini. Atakwenda na mwenzake wa kike au maharimu wake, na atarudi mjini kabla ya Magharibi. Hakuna anayelazimishwa kupanda Rombo kufuata khabari, na mwanafunzi hatumpi kazi wakati wa mitihani.

Anayeanza, asianze na tajiri wala mkubwa. Aanze na jambo dogo analoweza kulithibitisha kwa macho yake: mfongo uliozibwa juu ukawakausha walio chini, choo cha soko kilichofungwa, madrasa ya Njoro au Pasua isiyokuwa na maji. Aandike maneno mia nne, ataje nani ameona, nani amesema, na nani amekataa kusema. Atutumie pamoja na nambari za simu za aliozungumza nao, ambazo hatutazichapisha bali tutazipiga. Watakaoleta kabla ya mwisho wa mwezi wa Rajab tutawajibu wote, inshaAllah, hata wale ambao maandishi yao hatutayatoa.

Wallahu a'lam.